Kikombe cha Kumi na Moja

Tangu nirudi, cherehani yangu haijapata amani. Nikikanyaga pedali tu, Wafula wa vifungo ananyoosha shingo: "Mzee, hebu rudia ile ya Mwarabu." Mama Nanjala wa mitumba naye anataka kujua kama ni kweli nilipanda treni isiyo na dereva. Nimehadithia mpaka nimeanza kujichanganya mwenyewe, na juzi nimesikia mtu kwa kinyozi akisema eti nilinyweshwa dawa jangwani. Ebo! Basi nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, aniache nimalize sare za shule.

Kwa asiyejua chanzo: binti yangu Nasimiyu ni muuguzi Doha, mwaka wa sita huu, na Krismasi tano amezilia huko. Mwezi wa tisa alinipigia simu akasema amepata mchumba. Nikamuuliza wa wapi. Akasema, "Ni Mganda, Baba, anaendesha gari, kwao ni..." Sikungoja amalize, nilikata simu. Mganda! Nikaanza kuwaona wajukuu wangu wakishuka kwenye basi hapa Chwele wakinitazama kama muuza maji, hatuna hata neno moja la kusalimiana. Nilimwambia Mama Nasimiyu siku ileile: nakwenda mwenyewe, nitakula Krismasi na binti yangu, na nikirudi huo uchumba umekufa. Mama Nasimiyu akasema, "Nenda, lakini utangulize macho kabla ya mdomo." Huyo mama ananijua vizuri sana.

Chwele hadi Nairobi, na hewani

Nilibeba unga wa wimbi, kuku aliyekaushwa juu ya meko, na koti langu. Koti mnalijua. Nililishona kwa kitambaa kilichobaki cha sare za ile shule ya wasichana, rangi ya damu ya mzee, nikalitia ukanda mweupe kwenye kola na mifukoni. Mlinicheka hapa verandani mkasema nafanana na kiranja. Subirini.

Nairobi ndege ilichelewa kwa saa nne, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Nilikaa karibu na msichana wa Kisii aitwaye Moraa, aliyekuwa akienda kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa akitetemeka kwa sababu hajawahi kupanda ndege. Mimi nami sijawahi, lakini nilikuwa nimevaa koti, basi nikaona nibebe wajibu. Nikamweleza habari za ndege kutoka mkia hadi mdomo. Nikamwambia usiogope mama, ukisikia mlio mkubwa ni matairi yanakunjwa. Sijui niliyatoa wapi. Akatulia kabisa, akaniita baba.

Tulipokaa ndani nilimfunga mkanda kwa madaha. Baadaye nilipotaka kwenda msalani, mkanda wangu ulikataa kufunguka. Nikauvuta, nikausukuma, nikafikiria kuupitia kwa chini kama suruali. Moraa akanyoosha kidole kimoja tu akainua kile kibati, tak, mkanda ukafunguka. Hakucheka. Ni msichana mwenye malezi, Mungu amlinde huko aliko.

Walituletea kitambaa kidogo cha moto juu ya sahani. Wenzangu wote wakajifuta uso. Mimi nilikigeuza nikaangalia pindo, na haki ya Mungu lilikuwa limeshonwa vizuri, mshono wa mara mbili. Mhudumu alipokuja kukichukua nilikuwa bado nakikagua, tukavutana kidogo.

Uwanja wa ndege hadi Al Wakrah

Nasimiyu alikuwa zamu. Alinitumia ujumbe kwamba Moses atanipokea. Nikajua ndiye huyo.

Alikuwa amesimama mbele ya watu wote, mrefu, mwembamba, ameshika picha yangu ya siku ya kipaimara cha Nasimiyu. Akainama, akapokea mizigo kwa mikono miwili. "Mzee, karibu sana. Pole na safari." Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, cha kukanyaga kwa tahadhari kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nikaitikia "hmm." Sikumpa zaidi ya hiyo hmm.

Gari lilikuwa la tajiri wake, Mkatari mmoja anayeishi Umm Salal, kaskazini ya mji. Sisi tulikuwa tunaelekea kusini, Al Wakrah, kwa Nasimiyu. Moses akaniunganishia simu nimjulishe mama kwamba nimefika. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoanza kujichimbia shimo.

Nilimpa Mama Nasimiyu ripoti kamili, kwa Kibukusu, sauti juu, na mwenyewe amekaa pembeni yangu ameshika usukani. Nikasema: nimempata. Mwembamba hivi kwamba nikimpima suti kitambaa kitabaki cha kumshonea na ndugu yake. Suruali imekatwa na adui. Anaendesha kama aliyebeba mayai. Haongei, na mtu asiyeongea ana jambo. "Mama Nasimiyu," nikasema, "huyu hata kuku wetu hawezi kumkimbiza akamkamata. Wiki mbili tu, namrudisha mtoto wetu nyumbani."

Moses akanitazama kidogo. "Mzee, maji iko hapo, baridi." Akanipa chupa. Nikanywa maji yake nikaendelea kumsema.

Njiani akasimamisha gari mbele ya kibanda na kupiga honi, pii pii. Nikamwambia mama, bado yuko hewani: "Umesikia? Hana adabu, anapigia watu honi mlangoni kwao!" Hapo hapo akatoka Mhindi anakimbia na sinia, vikombe viwili vya karatasi, chai ya maziwa yenye iliki na sukari ya kutosha harusi. Kumbe ndivyo chai yao ya karaki inavyoagizwa, mtu hashuki garini. Niliinywa yote. Nilimwambia mama mtandao umeharibika.

Nasimiyu alirudi magharibi na sare yake ya kazi. Nilimkumbatia nikalia, sioni aibu kusema. Amekonda, ana mvi mbili, binti yangu mwenyewe ana mvi! Tulipokaa nikampa zile habari za kwenye gari, nikicheka. Hakucheka. "Baba! Ulisema hayo mbele yake?"

"Kwani ataelewa?"

Akamgeukia Moses aliyekuwa akiingiza unga wa wimbi jikoni. Moses akatikisa kichwa kidogo, hivi, kama anafukuza nzi. Nasimiyu akafunga mdomo. Mimi sikuona nzi yeyote, lakini sikujisumbua kuuliza.

Siku ya koti

Niliambiwa nimefika majira ya baridi. Baridi! Asubuhi ilikuwa kama Chwele saa nne, na watu wamevaa makoti ya manyoya na skafu wakijikumbatia. Mlinzi wa jengo la Nasimiyu, Mluhya mwenzetu wa Mumias, alikuwa na glavu. Nikamuuliza, "Wewe umesahau baridi ya Mlima Elgon?" Akasema, "Mzee, ukikaa hapa mwezi wa saba ndipo utanielewa."

Nilianza kuona bendera kila mahali. Rangi ya damu ya mzee na nyeupe, kwenye madirisha, kwenye magari, hata gari moja limevishwa lote kama bibi harusi. Nikafurahi sana. Nikasema kumbe hawa watu nao wanaipenda Krismasi hivi! Nasimiyu akaniambia hapana Baba, ni sikukuu ya taifa, tarehe kumi na nane, twende mjini ukaone.

Nikavaa koti langu na shati jeupe. Sikuwa na wazo lolote, ni koti la kutokea tu.

Tulipanda ile treni. Ni kweli, Mama Nanjala, haina dereva. Nilienda hadi behewa la kwanza kabisa nikachungulia kioo cha mbele: reli, taa, na hakuna mtu. Nikamwambia Nasimiyu tushuke. Akasema wanaiendesha kwa kompyuta. Nikakaa nimeshika nguzo kwa mikono yote miwili, nikimwomba Mungu umeme usipotee kama kwetu.

Ufukweni mwa mji kulikuwa na watu kama siku ya soko mara mia. Tulipotokea tu, bwana mmoja wa kanzu nyeupe akanitazama, akafungua mikono, akanishika bega, akaita wenzake. Picha! Akaja mwingine na watoto wake. Picha! Mama mmoja wa buibui akanijazia mfuko peremende. Nikapewa skafu yenye bendera. Nikadhani Nasimiyu amewatangazia kwamba baba yake amefika, nikawa nawapa mkono kama mbunge, "Asanteni, asanteni sana, Mungu awabariki." Mzee mmoja akakagua ule ukanda mweupe wa kola kwa vidole, akaninyooshea dole gumba. Mtu anayejua kazi.

Moses, ambaye alikuwa ametukuta huko baada ya kuwashusha watu wa tajiri wake, ndiye aliyenieleza kwa upole: "Mzee, koti yako ni bendera yao." Nikajitazama. Kumbe! Nilikuwa nimekuja kutoka Chwele nimevaa nchi ya watu. Nasimiyu alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Moses hakucheka, akasema limeshonwa vizuri, na mimi nikamwambia Nasimiyu kwa Kibukusu: "Sasa anajipendekeza. Mwambie sifa hazinunui msichana."

"Baba, ongea Kiswahili," akasema Nasimiyu. Siku zile aliniambia hivyo mara nyingi. Nilidhani ni adabu za kizungu alizojifunzia hospitalini.

Krismasi ya kazini

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kanisani ni Ijumaa. Jumapili yangu ya kwanza nilivaa saa kumi na mbili, nikakaa kwenye kochi na Biblia, nikangoja. Nasimiyu akatoka na begi lake: "Baba, leo ni siku ya kazi." Jambo la pili ni kwamba Krismasi nayo, ikiangukia siku ya kazi, ni siku ya kazi. Tarehe ishirini na tano niliamka nikasikia nyundo. Watu wanajenga! Basi la wafanyakazi linapita! Nilisimama dirishani nikahisi kama nimesahau tarehe mimi.

Nasimiyu alikuwa na zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Moses alikuwa ameomba ruhusa, akaja kukaa nami ili nisiwe peke yangu. Mimi na yeye, nyumba ya vyumba viwili, kutwa nzima. Nilikaa kwenye kochi, yeye jikoni. Kila saa anatoa kichwa: "Mzee, chai?" Nami: "Hmm."

Alipika ugali wa wimbi niliouleta, na kuku. Si yule niliyemkausha, huyo tulikuwa tumemmaliza siku ya pili. Alikuwa kuku wa dukani, wa barafu, asiye na kichwa wala miguu wala kitu tumboni. Nikajisemea, sasa firigisi atatoa wapi? Kwa sababu kwetu, mnajua, unaweza kumnyima mgeni kiti lakini humnyimi firigisi. Nasimiyu alipofika jioni tukakaa mezani, na Moses akaniwekea sahani mbele kwa mikono miwili. Firigisi saba. Kuku mmoja, firigisi saba! Kumbe huko zinauzwa peke yake kwenye pakiti. Nilizitazama. Nikawaza, Mganda huyu nani amemfundisha? Nikamshuku Nasimiyu. Nilizila zote saba, na zilikuwa zimeiva vizuri, na hilo likanikasirisha zaidi.

Ndipo nikamuuliza kwa Kiswahili: "Wazazi wako wako wapi?"

"Walifariki, mzee, nikiwa darasa la tatu. Nililelewa na bibi."

"Na huyo bibi?"

"Naye alipumzika mwaka juzi."

Mtu mwenye akili angesema pole. Mimi nilimgeukia binti yangu nikasema kwa Kibukusu: "Umesikia? Hana watu. Siku ya kuja kuposa atatuletea nani, usukani?"

Moses akasimama, akakusanya sahani, akaenda jikoni. Maji yakafunguliwa huko, yakamwagika muda mrefu kuliko sahani tatu zinavyohitaji.

Nasimiyu hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole, "Baba, Ijumaa tajiri wake ametualika shambani. Twende. Tukitoka huko utaniambia neno lako. Ukisema hapana nitaachana naye, sitakuvunjia heshima. Lakini usiseme leo." Akaingia chumbani kwake na sare yake ya kazi akafunga mlango. Nilikuwa nimeruka bahari kuja kusikia maneno hayohayo, na nilipoyasikia hayakunipa raha hata kidogo. Nililala nimekunja uso.

Umm Salal

Ijumaa asubuhi tulienda kanisani, watu wa mataifa yote, Wafilipino, Wahindi, Waganda, sisi, kila kundi na ukumbi wake, nyimbo zinagongana ukutani. Baada ya hapo Moses akatuchukua kwenda kaskazini.

Sasa niwaambie kitu kuhusu Wakatari. Mtu ana nyumba ya vyumba kumi vyenye mashine za ubaridi. Ikifika Disemba anaiacha, anaenda kulala kwenye hema! Analipa mtu amsimamishie hema. Huyu tajiri, mzee wa umri wangu aitwaye Abu Jasim, alikuwa amesimamisha lake shambani mwake, kati ya mitende na mbuzi. Ndani ni mazulia mpaka ukutani, moto wa makaa katikati, mito ya kuegemea. Nilikagua mishono ya lile hema nikiingia. Sina neno.

Abu Jasim akanishika mkono hakuachia, akaniketisha kulia kwake. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kiarabu. Mkalimani alikuwa Moses, amekaa mbele yetu miguu ameikunja. Nasimiyu alikuwa pembeni yangu. Naye ana Kiarabu cha hospitali, cha kuuliza mtu anaumwa wapi.

Akaja bwana mmoja wa Bangladeshi mwenye masharubu, ameshika birika lenye mdomo mrefu. Akanimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa ya rangi ya majani makavu, iliki tupu. Nikanywa. Akajaza. Nikanywa. Akajaza. Kwetu mgeni hakatai cha mwenyeji, na mwenyeji akiendelea kumimina maana yake anakupenda. Nikasema Mwarabu huyu ananipenda.

Abu Jasim akaanza kuongea. Aliongea kama dakika tano, mikono inapaa, anamwonyesha Moses, anagusa kifua, macho yamemlowa. Akanyamaza. Nikamgeukia mkalimani.

"Anasema naendesha vizuri," akasema Moses, anatazama zulia.

"Hayo yote?"

"Ndiyo, mzee."

"Muongo!" akadakia Nasimiyu. "Baba, mzee amesema Moses ana miaka minane hapa. Mke wake alipougua miguu Moses ndiye aliyekuwa akimbeba kutoka garini mpaka kitandani, na hajawahi kusikia sauti yake ikipanda. Amesema yeye ana watoto wa kiume wanne, na akiita usiku anayeitika ni Moses."

Nikanywa kahawa. Kikombe cha sita. Nikakaza uso nikasema, "Mwambie nashukuru. Lakini mwambie mimi nataka binti yangu aolewe nyumbani, na mtu wa kwetu, nizeeke nikiwaelewa wajukuu wangu." Nilimtazama Moses nione kama atayapunguza. Hakupunguza. Alitafsiri neno kwa neno, dhidi yake mwenyewe, na Abu Jasim akakunja paji la uso. Akamuuliza kitu kwa ukali. Moses akatikisa kichwa. Akamuuliza tena. Baadaye Nasimiyu aliniambia alikuwa akiuliza: mbona hujitetei?

Wakati huo birika halikupumzika. Cha nane. Cha tisa. Moyo ulikuwa unakimbia kama cherehani ya umeme, na kibofu, ndugu zangu, kibofu kilikuwa kimejaa kuanzia njiani. Cha kumi. Siwezi kusimama katikati ya mazungumzo, siwezi kukataa, na yule bwana wa masharubu hana huruma. Kilipojazwa cha kumi na moja nilikiinua, nikakimimina kooni, na midomo ikajisemea yenyewe kwa Kibukusu, chinichini: "Mungu wangu, mzee huyu ataniua na kahawa yake, na mimi siwezi kumkatalia."

Moses alikuwa katikati ya kutafsiri. Akainama kuelekea kwangu na kunong'ona: "Tikisa kikombe, baba. Kitikise hivi kidogo unapokirudisha, ataacha."

Nikakitikisa. Yule bwana akainamisha kichwa, akachukua kikombe, akaenda na birika lake. Hivyo tu! Vikombe kumi vyote nilikuwa naomba vingine kwa ishara yao bila kujua. Nikashusha pumzi. Nilipata raha ya pumzi mbili, labda tatu.

Kisha ubongo ukafika. Kijana huyu ameniambia kwa lugha gani?

Si kwa Kiswahili. Alinijibu kwa lugha yangu, na ule mvuto wa ng'ambo ya mto wa mpakani.

"Wewe," nikasema, "wewe ni mtu wa wapi?"

Moses akafunga macho. "Lwakhakha, baba. Upande wa Uganda."

Lwakhakha! Hapo mpakani, ninakonunulia ndizi! Sisi tukisema Mganda tunamaanisha wale wa Kampala. Hawa wa ng'ambo ya mto ni Wagisu, na Wagisu na sisi Wabukusu ni watu wa mlima mmoja, tohara moja, tukiongea kila mtu na lugha yake tunaelewana mpaka utani. Hata siku moja sijawahi kumwita Mgisu Mganda. Na Nasimiyu alikuwa akinieleza yote haya mwezi wa tisa, mimi nikamkatia simu.

Nikaanza kuyakumbuka mambo moja moja. Suti na kitambaa cha kubaki. Suruali na adui. Usukani. Ee Mungu, usukani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na zulia lake. Nikamgeukia Nasimiyu: "Ulijua?"

"Alinikataza, Baba," akasema kwa Kibukusu, machozi na kicheko pamoja. "Alisema ukijua anaelewa hutaweza kumtazama usoni, utarudi nyumbani kabla ya Krismasi, na mimi nimekungoja miaka mitano."

Hapohapo likanijia jambo lingine, likanipiga baridi kuliko la kwanza. Mtu wa Lwakhakha! Huyu si wa mbali tena, huyu ni wa karibu mno. Je, kama ni ukoo wetu? Mnajua koo zetu zimevuka mto ule huku na huku. Kama ni ukoo mmoja Nasimiyu ni dada yake, na hakuna wa kufungisha ndoa hiyo duniani wala mbinguni. Nilikuwa nimetoka Chwele kwenda kuua uchumba huo, na sasa nimekaa kwenye zulia la Mwarabu naomba kimoyomoyo: Bwana, usiwe ukoo wetu, tafadhali, usiwe wetu.

"Ukoo wako," nikamwambia. "Wa baba, kisha wa mama. Upesi!"

Akautaja wa baba. Si wetu. Akautaja wa mama, nao si wetu wala wa Mama Nasimiyu. Nikapiga makofi mara mbili, nikacheka kwa sauti kama mwendawazimu, nikasimama, na kibofu kikanikumbusha kwamba bado kipo. Nilitoka mle hemani mbio, mkono mmoja umeshika mshipi, na Mbangladeshi mwenye masharubu akanionyesha mlango wa msala bila kuuliza.

Niliporudi, Nasimiyu alikuwa amemweleza Abu Jasim kwa Kiarabu chake cha kuuliza mtu anaumwa wapi. Sijui alifikishaje, lakini mzee alikuwa amecheka mpaka kitambaa cha kichwani kimemwangukia begani. Akasema kitu, akimnyooshea Moses kidole.

"Anauliza jibu lako," akasema Moses.

"Mwambie hivi," nikasema. "Nilidhani kijana huyu hana watu. Mwambie nimemwona mtu wake, ni yeye mwenyewe. Siku ya kuja kuposa, aje naye."

Moses akafungua mdomo atafsiri. Akaufunga. Akajaribu tena, akashindwa, akageuza uso kwenye turubai, na ilibidi Nasimiyu aimalizie.

Kurudi Al Wakrah

Tulikula mbuzi na wali kwenye sinia moja, kwa mikono, na jua lilikuwa linazama tulipoondoka. Nasimiyu alikaa nyuma, akasinzia kabla hatujafika mjini, zamu zimemchosha. Nilikaa mbele na Moses.

Tulipita Doha yote nikikagua mshono wa kiti. Mnanijua. Nina miaka sitini na nne, sijawahi kumwomba radhi mtu niliyemzidi umri. Baba yangu hakuniomba, mimi sikuwaomba wanangu, hata mteja niliyemharibia suti ya harusi nilimwambia amenenepa. Maneno yenyewe sikujua yanaanzia wapi. Nilikohoa. Nikafungua kioo, nikafunga kioo. Zile taa za Al Wakrah zilipoanza kuonekana nikajua nisiposema sasa sitasema.

Nikasema kwa Kibukusu, natazama barabara: "Mwanangu, nimekukosea. Yale niliyomwambia mama siku ile hapa garini, na yale ya mezani kuhusu wazazi wako. Yalikuwa maneno mabaya, na niliyasema nikicheka. Nisamehe."

Moses hakugeuka. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, anaendesha polepole kama kawaida yake.

"Baba," akasema, "mimi sikusikia kitu. Nilikuwa naendesha gari."